Ezekiel na Kinanda cha Meno Sitini na Moja

"Hiki ni cha watoto!" Mzee Akonaay alisema, akakisukuma kile kinanda kidogo juu ya kaunta mpaka kikagonga boksi la betri. "Kwaya nzima imelima maharage msimu mzima, halafu nirudi Gehandu na hiki kwapani? Watauliza nimenunua chanuo cha nani."

Halfani mwenye duka alicheka mpaka akashika tumbo.

"Mzee, naomba nikueleze," Ezekiel akasema.

"Umeshanieleza mara tatu. Kila ukinieleza kinazidi kuwa kidogo."

Duka la Halfani liko Katesh, karibu na stendi. Anauza redio, spika, deki na vyombo vya mitumba, vile vinavyokuja na makontena tangu milango ya biashara ifunguliwe, na vingine huwezi hata kujua huko vilikotoka vilikuwa vya kazi gani. Mzee Akonaay ni mwenyekiti wa kwaya moja ya Gehandu, mtu wa ng'ombe wengi na maneno machache, na hayo machache yote yanauma. Ezekiel ndiye alikuwa fundi wa kuwarekodi. Makubaliano yao yalikuwa mepesi. Kwaya inanunua kinanda, Ezekiel anawarekodia nyimbo kumi, nyimbo zikiisha kinanda kinabaki chake. Huo ndio mshahara, hakuna mwingine.

Na Ezekiel alikitaka kinanda kile kuliko alivyotaka kula.

Yeye ni mtu wa Tlawi. Shamba la baba yake limelala kwenye mteremko mkali kiasi kwamba ukidondosha jembe unalifuata bondeni. Alipofika kidato cha pili akaacha shule. Hakufukuzwa na mtu, alichoka tu kukaa. Baba yake akamwambia vizuri, shule umeacha, basi shika mpini. Akashika miezi saba, halafu asubuhi moja akapanda lori la mahindi, akashukia Katesh. Akabeba tofali. Akauza kanda, kanda zikafa, akauza sidii. Mwishowe akanunua kompyuta ya mitumba, ile yenye kioo chenye kisogo kirefu, akapanga chumba uani kwa mama Zulfa, akabandika trei za mayai ukutani, akaandika mlangoni STUDIO.

Miaka mitatu alikuwa anatengeneza biti kwa herufi za kompyuta. Anabonyeza A, ngoma inapiga. Anabonyeza S, inapiga nyingine. Ubaya wa herufi ni kwamba haijui kama umeigusa au umeipiga ngumi, sauti inatoka ile ile. Nyimbo zake zote zikawa kama mtu anatembea juu ya bati. Wateja wakaanza kukimbilia Babati, ambako tangu pawe makao makuu ya mkoa kila kitu kilikuwa kinahamia huko, hadi studio. Mama Zulfa naye alishamwambia mwezi ukiisha anataka chumba chake aweke viroba vya mbaazi. Nyimbo kumi za kwaya zikitoka vizuri, wateja wanarudi, chumba kinabaki. Zisipotoka, ni kurudi kwenye mpini. Hakukuwa na njia ya tatu.

Kwa hiyo alikuwa amesoma. Kila akienda Babati alikuwa anaingia intaneti kafe anaangalia vinanda vya midi. Alijua kwamba vinanda hivi havina sauti tumboni. Vyenyewe ni meno ya kubonyeza tu, sauti inatoka kwenye kompyuta. Alijua ukubwa si hoja, hoja ni meno yake yasikie mkono, ukigusa polepole yalie polepole, ukipiga yalie kwa nguvu. Na alijua kuliko yote kwamba lazima kiwe na waya unaoingia kwenye kompyuta yako. Yeye mwenyewe ndiye aliyemwomba Halfani akiagize kile kidogo kutoka Arusha. Meno ishirini na tano, kipya, waya wa USB, na vibao vinane vya kupigia ngoma. Kinakaa mezani bila kuondoa kompyuta.

Shida ni kwamba Halfani alikuwa na kingine, kikubwa, kimesimama wima nyuma ya majokofu. Akakitoa, akakipangusa kwa kanga, akakilaza kaunta nzima.

"Bei moja, mzee," Halfani akasema. "Kile na hiki, bei moja. Chagua."

Hapo Mzee Akonaay akabadilika sura. Akavua kofia. Akakizunguka kile kikubwa kama anavyozunguka dume mnadani. Akakiinua upande mmoja kupima uzito, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akakandamiza katikati kuona kama kinabonyea. Akayahesabu meno yote moja moja kwa kidole, sitini na moja, hakuna pengo.

"Kiwashe," akasema.

Halfani akachomeka umeme. Taa nyekundu ikawaka pembeni.

"Mbona hakilii?"

"Mzee, vyote viwili havilii peke yake," Ezekiel akasema. "Sauti inatoka kwenye kompyuta. Ndiyo maana nasema—"

"Kikifika kwenye kompyuta kinalia," Halfani akadakia. "Kidogo kinalia kidogo, kikubwa kinalia kikubwa. Mzee, wewe ni mtu mzima, mambo haya unayajua."

Ezekiel alijua ule ni uongo mtupu. Akainama kuangalia mgongoni mwa kile kikubwa. Hakuna USB. Kuna tundu la duara lenye vishimo vitano, la zamani, ambalo waya wake hauna pa kuchomekwa kwenye kompyuta yake. Alipoinua kichwa macho yake na ya Halfani yakakutana, na Halfani hakuangalia pembeni. Alitabasamu tu.

Ezekiel akafungua mdomo. Lakini Mzee Akonaay alikuwa ameshachomoa waya wa umeme, ameuzungusha mkononi mara mbili, ameushika.

Basi. Kule kwao mnadani mzee akishashika kamba, ng'ombe amenunuliwa. Hata kama kijana ameona jicho bovu, hata kama ameona anachechemea, anafunga mdomo mpaka nyumbani. Ukisema neno mzee ameshika kamba, na mwenye mali anasikia, umemvua nguo mbele ya watu. Ezekiel amelelewa hivyo, na mdomo wake ukajifunga wenyewe kabla yeye hajaamua.

"Beba," mzee akamwambia.

Akabeba. Kilikuwa kizito kweli.

Kesho yake asubuhi alirudi kwa Halfani peke yake. Alikuwa hajalala vizuri, na alikuwa amejipanga maneno ya kuomba.

"Kaka Halfani, nibadilishie. Mzee hata hatajua."

"Soma pale." Halfani akaonyesha karatasi ukutani: mali ikishauzwa hairudi.

"Lakini unajua kwamba hakiingii kwenye kompyuta."

"Na wewe ulijua. Si nilikuona unachungulia matako yake? Ungesema."

"Mzee alikuwa ameshashika waya."

"Ehe, basi wewe una adabu sana." Halfani akaendelea kufunga redio ya mteja. "Halafu kile kidogo hakipo. Jana jioni alipita jamaa wa studio ya Babati. Alivyokiona alitaka kukibusu. Hakuuliza hata bei mara mbili."

Ezekiel akasimama pale kama dakika nzima. Halfani akamwambia asogee, anaziba mwanga.

Kuna waya wa kuunganisha lile tundu la duara na USB, upo, alishasoma habari zake. Akampigia rafiki yake Vicent aliyeko Arusha. Vicent akasema hilo dogo, anaupata leo leo, anaupakia kwenye basi la Ijumaa. Kwaya ilikuwa inakuja Jumamosi. Ijumaa Ezekiel akakaa stendi toka saa sita. Basi likaja, likashusha watu, likashusha magodoro, likashusha mpaka kuku. Akampigia Vicent.

"Aah, kaka, nilisahau," Vicent akasema, na nyuma yake muziki unalia. "Kwani ulikuwa na haraka?"

Jumamosi saa nne kanta, lori dogo la kukodi, ikasimama mbele ya nyumba ya mama Zulfa. Wakashuka watu ishirini na wawili, wamevaa sare mpya za bluu, wamelowa mvua mpaka viatuni, na bado wanacheka kwa furaha. Wengi wao walikuwa hawajawahi kuona studio. Mzee Akonaay alikuwa amekuja na pikipiki yake, ameiegesha ukutani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kiko wapi?"

"Mzee, naomba tuongee pembeni kidogo."

"Ongea hapa. Hawa ndio wenye kinanda."

Ikabidi aseme hapo hapo, mbele ya watu wote, macho chini. Kwamba kinanda hakiingii kwenye kompyuta. Kwamba kuna waya unahitajika na haujafika. Kwamba ampe wiki moja, au leo hii awarekodi sauti tu, muziki ataupiga kwa herufi kama alivyozoea, utatoka.

Philomena, mwalimu wa kwaya, mwanamke mrefu ambaye ndiye aliyempendekeza Ezekiel kwenye kikao, akamwangalia kama anaangalia nguo iliyochanika.

"Tumetoka Gehandu kwenye mvua tuje kuimbia herufi?"

"Dada Philomena, zitatoka vizuri, nakuapia."

"Nilisimama mbele ya watu nikasema huyu kijana anajua. Nilisimama kwa miguu yangu hii."

Mzee Akonaay hakupandisha sauti. Hajawahi kupandisha. "Ulikuwepo dukani?"

"Nilikuwepo, mzee."

"Ulikiona?"

"Nilikiona."

"Ukajua hakifai."

"Nilijua. Lakini ulikuwa umeshashika waya, mzee. Ningesemaje na Halfani amesimama pale?"

Wazee wawili wa sauti ya besi waliangalia chini, maana walielewa kabisa. Kama Mzee Akonaay angesema tu "kweli", jambo lingeishia hapo, wangecheka, wangesubiri waya. Lakini angekuwa amekubali mbele ya kwaya nzima kwamba alichagua kinanda kwa kukipima uzito.

"Kwa hiyo mimi ndiye nimesoma kompyuta," akasema. "Mimi mchunga ng'ombe. Na wewe fundi ulikuja dukani kunisaidia kubeba."

Watu wakaanza kucheka, kidogo kidogo, kicheko cha kumfuata mkubwa.

"Kaa. Tupigie."

"Hakitalia, mzee."

"Nimekusikia. Kaa, piga. Wenye mali wanataka kuona mali yao inapigwa."

Wakajaza kile chumba mpaka mlangoni, wengine dirishani. Kinanda kilikuwa kimelala kitandani, maana mezani hakikuenea. Ezekiel akapiga magoti chini kama mtoto anayesali. Philomena akainua mkono, akawaanzishia wimbo wao wa kwanza, na kwaya ikaimba. Ezekiel akaweka vidole. Akapiga. Kilichosikika ni plastiki tu, tok, tok, tok, kama kuku anadonoa sahani.

"Kinanong'ona," alisema msichana mmoja wa sauti ya kwanza, anaitwa Doris. "Kina mafua."

Chumba kikapasuka. Watu wakashikana mabega. Ezekiel akaondoa mikono.

"Ubeti wa pili," mzee akasema.

Akapiga ubeti wa pili. Kibaya zaidi ni kwamba alikuwa anapiga sawasawa. Alikuwa ameufanyia mazoezi ule wimbo wiki mbili mezani kwa vidole, kila sauti ilikuwa mahali pake, na hakuna mtu mmoja mle ndani aliyeweza kujua. Wakamaliza beti zote nne. Alipoinuka shati lilikuwa limegandia mgongoni.

Philomena akawatoa watu nje, wakarudi kwenye kanta. Wataenda Babati wiki ijayo, akasema, kuna studio huko wanasema imepata kinanda kipya, kidogo lakini kinalia ajabu. Hakumwaga Ezekiel.

Akabaki mzee.

"Hicho kinanda hatukichukui," akasema. "Tulikubaliana ni mshahara wako. Ni chako."

"Mzee, kichukueni tu."

"Kwaya hainyang'anyi mtu mshahara. Umeshalipwa, na kazi hujafanya. Kwa hiyo kazi utaifanya. Jumatatu uwe Gehandu, shamba la kwaya. Palizi, halafu mavuno, halafu kupura. Kule hakuna waya."

"Mimi nina studio, mzee."

Mzee Akonaay akaangalia trei za mayai ukutani, moja moja. Mlangoni mama Zulfa alikuwa amesimama na mkono kiunoni, anapima kwa macho viroba vingapi vitaenea.

"Usipokuja, nitaenda Tlawi nikae na baba yako, nimweleze mbele ya ndugu zake jinsi ulivyotazama kwaya inaibiwa ukakaa kimya. Mimi sitasema uongo hata neno moja. Unataka niende?"

Ezekiel alimfikiria baba yake, jinsi atakavyosikiliza mpaka mwisho bila kuuliza swali.

"Usiende," akasema.

"Jumatatu saa kumi na mbili. Na uje na chakula chako."

Mzee akavaa kofia, akatazama saa. Alikuwa amechelewa kikao cha bomba la maji, watu wa wilayani walikuwa wanamsubiri, na bila yeye mkutano haufunguliwi. Akaipiga teke pikipiki mara tatu, haikuwaka, mvua ilikuwa imeingia kwenye plagi. Akakaa juu yake, akashika usukani kwa mikono miwili, akaangalia mbele.

"Nisukume," akasema.

Ezekiel akatoka kwenye mvua, akaweka mikono nyuma ya siti, akasukuma. Walipita mbele ya kanta na kwaya yote inaangalia. Hatua thelathini, arobaini kwenye tope, mpaka ikakohoa, ikawaka. Mzee Akonaay akaweka gia, akakata kona kuelekea ofisi za wilaya, huku anapiga honi watu wampishe.