Kutafsiri Mazombi Base Camp

Mtafsiri wa kibanda chetu cha video alikuwa mwongo, na mimi waongo siwavumilii. Kila Jumamosi mchana alikuja kutoka Ruti, kule Mbarara, na filamu zake ndani ya flashi. Alikaa pembeni ya televisheni, mikro mkononi, akitusemea kwa Kiswahili yale wazungu waliyokuwa wakisema kwa Kiingereza. Bila yeye wengi hawakuelewa kitu. Ndiyo maana alijiona mfalme.

Mwaka ule alituletea tamthilia ya mazombi. Familia tatu zinakimbia, maiti zilizofufuka ziko nyuma yao zikiuma watu. Base Camp, mtaa wetu wa kambi ya wakimbizi, ilipagawa. Wanawake tuliacha nguo kwenye mabeseni, tukajaa kwenye mabenchi kuwagombeza wale wazungu, maana kukimbia tunakujua kuliko wao. Mama mmoja alipokimbia amemkumbatia mtoto kifuani, mikono yote miwili imejaa, kibanda kizima kilimfokea: "Mufunge ku mugongo, wewe. Utafungula mulango na nini?" Aliporudi ndani kuchukua picha za harusi, jirani yangu, Mkongo mwenzangu, alisimama kabisa. "Mumuache afe," akasema. "Uyu hana akili ya vita."

Mimi nilikuwa na mtoto wa miezi saba na hasira za miaka. Nilikuwa nimefika kidato cha nne hapa hapa Nakivale, kwa Kiingereza, halafu ikaja mimba, halafu baba mtoto akaenda Kampala na simu yake ikafa. Kwa hiyo nilisikia kilichosemwa kweli. Siku mume wa yule mama alipoumwa mkono na zombi, alimwambia mkewe amfunge kwenye mti, awachukue watoto wao wawili, asigeuke nyuma. Mtafsiri wetu akasema: "Bebi, mimi nasikia njaa. Kwenda pika."

Watu wakacheka. Mimi nikasimama.

"Unadanganya," nikamwambia. "Anakufa, wewe unamfanyia mzaha."

Akageuka, mikro bado mdomoni, akaniita bibi kwa lugha ya kwao. "Nyabo, hii kazi ya wanaume. Zombi nayo itaogopa sauti yako?" Wakacheka tena. "Kama unajua sana, kuja hapa."

Nikaenda, mtoto mgongoni. Nilisema kwa sauti ya mume, nikalia kwa sauti ya mke, bunduki nikazipiga kwa ulimi, mazombi nikayatoa tumboni. Dakika chache tu, hakuna aliyekuwa akicheka. Mwenye kibanda, mama mmoja Mrundi ambaye filamu hazikuwa zikimhusu hata kidogo, aliacha mandazi yake yaungue akaja kusimama mlangoni.

Baadaye alituita wote wawili. "Jumamosi ijayo ni sehemu ya mwisho," akaniambia. "Utasema wewe. Watu wakitoka, mikro inarudi kwake. Wakibaki, ni yako kila Jumamosi."

"Hakuna shida, mama," mtafsiri akasema. "Watatoka."

Wiki ile niliitaka mikro vile sijawahi kutaka kitu. Nilinguruma nikichambua maharagwe, nikanguruma kwenye mstari wa maji. Jirani yangu alinishauri niende kliniki wakanipime malaria.

Jumamosi watu walijaa mpaka madirishani. Nusu ya kwanza iliruka kama moto. Walipiga miluzi, walipiga mabenchi, mtoto wangu mwenyewe alikuwa anarusha miguu mgongoni. Halafu familia ya yule mama ikafika kwenye kambi, uzio mrefu, wanajeshi getini. Mwanajeshi alitumia neno refu la Kiingereza, kwamba kwanza watachunguzwa. Mimi nikasema, kama tulivyoambiwa sote siku ya kuandikishwa ukimbizi: "Mupange mustari. Apa ni risepsheni."

Kibanda kililipuka. "Ata kule kuko risepsheni?" mtu akauliza, na benchi moja likaanguka na watu wake.

Mwanajeshi akamuuliza yule mama: familia yako ni watu wangapi? Walikuwa watatu, yeye na watoto wawili. Mume alibaki kwenye mti. Mama akamtazama mwanajeshi, akasema kwa Kiingereza: wanne.

"Huyu hajui kuhesabu," mtafsiri akatupa neno kutoka mlangoni.

Mimi mikro ilikuwa mdomoni na sauti haikutoka. Siku tuliyofika Nakivale, mama yangu alisimama mbele ya meza ya risepsheni namna ile ile, mimi na dada yangu nyuma yake. Tulikuwa watatu. Akasema wanne, kwa sababu ya kaka yangu aliyebaki njiani. Nilimkasirikia siku hiyo, nikaona anatutafutia matatizo. Sasa kibanda kilikuwa kimya, filamu inaendelea bila mimi, na wanaume wawili wa nyuma wakainuka.

Nikavuta pumzi. Nilisema kwa sauti ya mama yangu, siyo ya yule mzungu.

"Tuko bane. Andika bane."

Wanaume wale wakabaki wamesimama palepale.

"Andika," jirani yangu akamwambia mwanajeshi wa kwenye televisheni. Benchi la Warundi likadakia, halafu watu wa madirishani, mpaka nikalazimika kupiga kelele juu yao ili tufike mwisho wa filamu. Mwanajeshi aliandika. Kibanda kilishangilia kama timu imefunga bao, na hakuna aliyetaka kutoka hata televisheni ilipozimwa.

Mtafsiri alipita kati ya watu, akanyoosha mkono achukue mikro.

"Niachie," nikamwambia. "Wewe lete filamu."