Logbook ya Baiskeli

Juzi nilikuwa kwa kaunta ya kituo fulani cha polisi hapa Eldoret, nikitafuta good conduct, ile cheti ya polisi kwamba huna makosa, ya kazi ambayo najua sitapata. Afande alikuwa ameshika baiskeli kuukuu ya muuza maziwa wa mtaa wa Huruma, ambayo mzee mwenyewe aliifungia motor na betri nyumbani.

“Mzee, logbook ya kuonyesha hii ni yako iko wapi?”

“Afande, hii ni baiskeli. Wakati wa vita ya uchaguzi wa 2007 ilinitoa Burnt Forest, nimebeba mama yangu kwa carrier, nyumba zikiwaka. Hakuna polisi aliniuliza logbook.”

“Sasa iko na motor. Ni pikipiki.”

Mzee akatoa spana, akafungua motor, akaiweka kwa kaunta.

“Shika pikipiki yako. Mimi naenda na baiskeli, maziwa isiharibike.”

Wakati ule serikali haikusikia watu wakipiga nduru, lakini kamotor kakinguruma tu, serikali iko on duty.