Njia Panda Mlangoni Kwetu

Nilikuwa bado mtoto wa kutumwa chumvi, meno ya mbele yameng'oka na mapya hayajaota, siku greda la kwanza lilipofika kijijini kwetu. Kijiji chetu kiko kando ya barabara inayotoka Mtwara mjini, ikapita Mangamba, ikateremka Madimba, halafu ikaendelea kuutafuta mto Ruvuma. Leo ni lami, gari linateleza tu. Enzi zile ilikuwa mchanga, mchanga hasa, ule unaomshusha mtu kwenye baiskeli akaanza kuisukuma huku akiitukana. Nasema mapema ili usije ukalalamika baadaye: nitajisifu. Mimi ni mtoto wa barabara ile na sijui kuisimulia kwa unyenyekevu.

Bibi yangu mzaa mama, Bibi Somoe, alikuwa akisema barabara ile ina umri mkubwa kuliko serikali zote. Alivyosimuliwa yeye, mwanzo kilikuwa kijia cha watu wa Msimbati waliobeba chumvi na samaki wakavu kwenda bara kubadilisha kwa mtama. Kisha wakoloni wakawatoa wanaume majumbani kwa lazima, wakafyeka na kung'oa visiki kwa mikono mpaka lori likapata pa kupita. Kisha vita ikawaka ng'ambo ya mto, na watu wakaanza kuja upande huu na watoto mgongoni. Bibi mwenyewe alikuja hivyo, ila alikuwa mkubwa wa kutosha kutembea. Alivuka Ruvuma kwa mtumbwi pamoja na mama yake, wakaifuata njia mpaka mama yake aliposema miguu basi. Pale miguu ilipogoma ndipo walipojenga, na ndipo nilipozaliwa mimi. Kwa hiyo Bibi aliposema "barabara yangu", hakuwa anatania.

Sasa, kwetu njia panda si mahali pa kuchezea. Mtu akishikwa na ugonjwa usioeleweka, mganga humwosha kwa dawa, na kile chungu cha dawa, pamoja na kitambaa alichofungwa, hupelekwa njia panda vikatupwa. Ugonjwa unabaki pale unangoja miguu ya mwingine. Watoto tulikatazwa kuokota kitu chochote njia panda hata kiwe kizuri namna gani, na msichana aliyetoka unyagoni alivushwa pale akiwa amebebwa mgongoni. Njia panda yetu ya zamani ilikuwa mbali, katikati ya mikorosho. Hakuna mtu mwenye akili zake aliyejenga nyumba karibu nayo.

Ndiyo maana kilichotokea ni cha ajabu, kwa sababu aliyeiomba njia panda mpya ni Bibi huyo huyo.

Watu wa barabara waliitisha mkutano kwenye uwanja wa shule. Msimamizi wao alikuwa mtu wa kutoka mikoa ya juu, mnene, mcheshi, tukimwita Bwana Kifusi maana kila sentensi yake ilikuwa na kifusi ndani. Akaeleza kwamba barabara itapanuliwa na kuinuliwa, na mtaro utapita pembeni. Ile njia yetu ya kutoka mashambani ingeishia mtaroni, gari lisiweze kuingia, ila kama wanakijiji wangetaka iunganishwe, waseme siku ile ile. Wanaume wakaanza kutazamana. Bibi akasimama, akajifunga kanga vizuri kiunoni.

"Unganisha," akasema. "Korosho zetu tunazitoa kule kwa kichwa. Wagonjwa tunawatoa kwa machela. Mwanamke akishikwa na uchungu kule shambani, anajifungulia njiani kama mbuzi. Tunataka gari lifike."

"Lakini, Bibi, nyumba iliyo jirani na hiyo njia ni ya kwako," msimamizi akasema. "Vumbi utaliweza?"

"Vumbi ninalo tangu nivuke mto. Wewe unganisha."

Watu wakapiga makofi. Mimi nilipiga mpaka viganja vikawasha, kwa kuwa yule aliyekuwa akiongea alikuwa bibi yangu mimi na si wa mtu mwingine.

Greda lilifanya kazi ile kwa mchana mmoja. Jioni Mama alitoka nje, akasimama mlangoni. Alikuwa na mimba kubwa wakati ule. Kabla yangu alizika mtoto, na baada yangu akazika mwingine, na hii ya sasa alikuwa akiibeba kwa hofu, hata kicheko alikuwa akikipima. Akatazama njia ya shambani ilivyokuja kukutana na barabara kubwa, hatua chache tu kutoka alipokuwa amesimama.

"Mama," akamwambia Bibi, "umetuletea njia panda mlangoni."

Bibi akatazama. Wallahi, hakuwa amefikiri. Yeye aliwaza machela na magunia ya korosho, hakuwaza kabisa kwamba njia mbili zikikutana zinazaa kitu cha tatu.

Jirani yetu Mama Shaibu, mwanamke wa Kiyao aliyekuwa mtani wa Bibi, alipita na ndoo yake akatupa neno: "Mchimba kisima kaingia mwenyewe." Bibi akacheka, lakini usiku ule wakati wa kula alituambia bila kicheko: "Mahali pasipo na mwenyewe hapakai patupu. Watakuja."

Na kweli wakaja. Haikupita hata wiki, Mama alikwenda kufagia asubuhi akakuta chungu cheusi kimepasuliwa pale pembeni, mizizi imemwagika, na kitambaa chekundu kimefungwa fundo. Ufagio ulikuwa umeshakigusa. Akautupa, akarudi ndani akitetemeka, akaanza kufunga nguo kwenye mashuka. Baba, ambaye alikuwa amehamia kwetu alipooa kama ilivyo kwa Wamakonde wengi, alikuwa mtu wa maneno machache. Akasema tutakwenda kwa ndugu zake Kitaya, na nyumba yetu, iliyokuwa ua mmoja na ya Bibi, tutaivunja tuchukue miti na mabati.

"Nimezika wawili," Mama alisema. "Huyu simzai hapa."

Nilielewa vizuri kabisa. Tungeondoka sisi, na Bibi asingeondoka. Mama alikuwa mtoto wake wa pekee. Bibi angebaki na barabara yake peke yake, na mimi ningekuwa mtoto asiye na bibi. Nikalia kwa sauti mpaka Baba akanitoa nje.

Huko nje nikamkuta Bibi na jembe. Alikuwa amekizoa kile chungu na mizizi yake na kile kitambaa, anavifukia mbali nyuma ya choo, anasoma Kulhuwallahu, halafu anaongeza maneno ya Kimakonde ambayo sidhani yamo katika kitabu chochote. Alipomaliza alinawa, akaingia jikoni, akazima moto. Akalichukua figa la kwanza, akalitia kichwani, akaenda kuliweka pale kona ya njia panda. Akarudi kuchukua la pili.

Mama akatoka na shuka mkononi. "Unafanya nini?"

"Nahamisha jiko."

Mafiga kwetu hayahamishwi ovyo. Mtu akiyahamisha mafiga ndiyo kahama, hata kama kitanda chake kimebaki. Na jikoni kwa mtu ni mahali pa heshima, hata adui yako hatemi mate pale unapopikia watoto. Bibi akalitua figa la tatu, ndipo akamgeukia Mama.

"Pale watu wanapatupia kwa sababu ni pa kila mtu. Kuanzia leo ni jikoni kwangu. Ningoje mpaka mwezi uandame. Mtu akija akatupa uchafu wake mbele ya moto wangu, nendeni, na mizigo nitakubebea mimi."

Mama akarudi ndani. Lakini yale mashuka hakuyafunga tena siku ile, wala hakuyafungua. Yakakaa pale ukutani, na kila nilipopita nilikuwa nikiyatazama.

Bibi akaanza kupika njia panda. Alichemsha ming'oko, vile viazi vya porini tunavyovichimba huku kwetu, akaiuza na pilipili ya kusaga na ndimu. Vibarua wa barabara wakaizoea. Bwana Kifusi mwanzoni alisema kwao hawali mizizi, baadaye akawa anafika kabla ya vibarua wake. Mama Shaibu akaja na maandazi, akisema amekuja kumchunga mtani wake asirogwe, lakini maandazi aliyauza. Moto wa Bibi uliwaka kutoka adhana ya alfajiri mpaka watu wanalala. Mama peke yake ndiye hakukanyaga pale. Alikuwa akitokea mlango wa nyuma, anazunguka na tumbo lake kupitia kwa jirani.

Mwezi ulikuwa umekonda sana alfajiri ile. Nilikuwa napuliza moto, Bibi anamenya ming'oko, kukiwa kumeanza kupambazuka. Akatokea mwanamke kwenye njia ya shambani, kanga kaishusha mpaka machoni, mkononi ana chungu kimefunikwa kwa jani la mgomba. Alipouona moto akasimama. Akawa anataka kurudi nyuma.

"Karibu," Bibi akamwambia. "Usirudi. Umetoka mbali?"

"Kule mashambani." Akakificha chungu kwa ncha ya kanga. "Sikujua kama pana mtu."

"Pana mtu. Mgonjwa ni huyo wa mgongoni?"

Hapo ndipo nilipoona kwamba alikuwa amebeba mtoto, kichwa kimeegemea upande mmoja, macho nusu wazi. Yule mwanamke akaanza kulia. Siku zote nilifikiri wanaotupa vyungu ni watu wabaya, wenye macho mekundu. Huyu alikuwa amevaa kandambili zilizofungwa kwa kamba, na alikuwa anatetemeka kama alivyotetemeka Mama.

"Lete hicho chungu," Bibi akasema. "Kiweke hapa, miguuni pangu."

"Bibi, siwezi."

"Weka. Mimi nimeshazeeka, ugonjwa ukinichukua utapata nini? Mifupa tu."

Mwanamke akakiweka. Bibi akakitazama, akaitikia kwa kichwa. "Haya. Dawa umeshaitupa, kazi ya mganga imekwisha. Sasa bado kazi ya daktari. Huyu mtoto anakwenda mjini."

Wakati huo mlango wetu wa mbele ukafunguka. Mama alikuwa amesikia yote. Akashuka ngazi na tumbo lake, mkono mmoja ukutani, akatembea moja kwa moja mpaka pale kona, akakanyaga pale alipokuwa haji. Akaivua kanga yake ya juu, akamfunika yule mtoto, akampima joto kwa shavu lake. "Anaungua," akasema. Kisha akaniambia mimi, kwa ukali, kana kwamba nilikuwa nimemchelewesha: "Mwanangu, uji! Umesimama unatazama nini?"

Gari la watu wa barabara lilifika jua likichomoza. Bwana Kifusi hakuuliza maswali mengi. Akamweka mwanamke mbele na mtoto wake, wakaondoka kwenye kifusi kipya kwenda hospitali ya mkoa, na mwendo uliokuwa ukila nusu siku kwa machela mpaka kupata gari wakaumaliza chai ya Bibi haijapoa. Ilikuwa malaria, ile kali ya kichwani. Mtoto alipona. Na Mama, aliporudi ndani, aliyafungua mashuka, akazipanga nguo kwenye kamba, na Baba akaacha kuyahesabu mabati.

Mdogo wangu wa kiume alizaliwa mvua za kwanza zilipoanza. Alizaliwa hospitali, Mama amefika kwa gari, kwa barabara ile ile. Leo anainama kupita mlangoni.

Baadaye yalipita malori yenye mabomba makubwa ya gesi ya Madimba, na baada yake wakamwaga lami. Walipokuja kuuliza jina la kituo cha mabasi, mwenyekiti wa kijiji alitaja jina la kijiji, na watu wakamkatalia palepale. Ukipita leo utaona mabati ya vibanda, wanawake na samaki wao na korosho zao, bodaboda wamejipanga, na kibao kinasema Kwa Somoe. Bibi alikiona kabla hajafa. Alisimama mbele yake muda mrefu, kusoma hajui, akaniambia nimsomee tena.

Watu huniuliza kama naamini mambo ya njia panda. Mimi ni fundi cherehani, nimesoma kiasi changu, na najua malaria inaletwa na mbu. Lakini barabara ile nimeipita mara nyingi, na kwenye njia panda ambazo hazina mtu bado naona vyungu vimepasuka pembeni. Pale kwetu hakikutupwa tena chungu. Hilo nalisema kwa kifua mbele, na anayebisha aende akaangalie.

Juzi nilikwenda kumchukua Mama aje akae kwangu Rahaleo, Mtwara mjini. Umri umekwenda, magoti yanamsumbua, nimemwekea chumba na maji ya bomba ndani. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda kwenye ile kona, anageuza ming'oko. Alinisikiliza mpaka mwisho, maana Mama hamkatizi mtu.

"Nyumba yako ni nzuri, mwanangu," akasema. "Lakini akija mtu alfajiri na mgonjwa mgongoni, atamkuta nani?"

Gari lilikuwa linangoja. Nikamwambia dereva atangulie, nikavuta kigoda cha pili, nikaanza kumenya.