Baridi ya Kumsindikiza Mehtab

Saa tisa alasiri, mjini Jacobabad, Pakistan, Fundi Bachal Soomro amepiga magoti mbele ya gari jeupe. Kanzu yake mpya ya harusi imeshaingia vumbi, na mkono wake uko kwenye bomba la kiyoyozi. Ndani ya nyumba wanawake wanamfunika bintiye, Mehtab, mtandio mwekundu. Gari hili ndilo litakalompeleka kwa mumewe katika mji wa Sukkur, na linapuliza hewa ya tanuri.

"Gesi imeisha," anasema Rasul Bux, mjomba wa bwana harusi, ambaye ndiye dereva. "Ongeza gesi, fundi, twende zetu."

"Mji huu kila mtu daktari wa gesi!" anajibu Bachal. "Nikiongeza na tatizo si gesi, ndiyo nimekiua kiyoyozi kabisa. Imeanza lini?"

"Asubuhi ilikuwa barafu. Tukalipamba, tukaja, ikafa njiani."

Bachal ametengeneza viyoyozi vya magari kwa zaidi ya miaka thelathini, na aliyemwingiza kwenye kazi hiyo ni mkewe, Hajra. Aliletwa bi harusi mwezi wa Juni, kilele cha joto, kutoka mji wa Larkana, katika gari la kuazima lisilo na kiyoyozi. Madirishani walitundika mikeka ya mizizi yenye harufu nzuri, iliyolowekwa maji, kama ilivyokuwa desturi siku hizo. Mikeka ilikauka kabla ya nusu ya safari. Hajra alizimia mlangoni pa mumewe, naye Bachal akammwagia ndoo nzima ya maji mbele ya wageni.

"Mtaa ulinicheka miaka," anasema, akitabasamu peke yake. "Yeye ndiye aliyecheka kuliko wote. Joto lile silitaki tena, lakini ile harufu ya mikeka, wallahi, naitamani mpaka leo."

Hajra alifariki miaka mitatu iliyopita. Aliacha ombi moja: Mehtab asitoke kwao katika joto.

Bachal anashika tena bomba ambalo lingepaswa kutoka jasho la baridi. Ni kavu. Kompresa, pampu ya gesi, inashika kidogo, kisha inajizima. Anazunguka mbele, na hapo anasimama. Kuanzia boneti hadi bampa, gari limefunikwa mashada ya mawaridi yaliyoshonewa kitambaa cha dhahabu. Hakuna tundu hata moja la hewa.

Anaanza kuyafungua, na mara shangazi wa bwana harusi, Bi Sahiban, anapiga ukelele.

"Wee! Gari la bi harusi halivuliwi maua! Unamtakia mkosi mwanao mwenyewe?"

"Shangazi, gari linapumulia hapa. Mmeliziba pua, joto litokee wapi?"

"Fundi gani huyu? Gari limemshinda, anasingizia maua!"

Watu wanaangua kicheko. Bachal anarudisha mkono. Baba wa bi harusi hagombani na wakwe siku kama hii, hata akiwa na haki.

Ndipo Mehtab anapotokea mlangoni, akiwa ameshikwa na dada zake. Bi harusi hutakiwa kunyamaza.

"Toa, Baba," anasema. "Mama angetoa."

Bachal anayahamishia mashada juu ya paa, anamwagia rejeta maji, anasubiri. Bomba linaanza kutoka jasho. Anaweka kiganja kwenye tundu la hewa baridi ndani ya gari na kukiacha pale muda mrefu kuliko inavyohitajika.

Mehtab anapanda huku akilia. Anatoa mkono dirishani na kumshika baba yake mkono, hataki kuuachia.

"Funga kioo, mwanangu," anasema Bachal. "Baridi inatoka."

Kioo kinapanda. Midomo ya Mehtab inaendelea kusema, lakini nje hakisikiki kitu.

Gari linapopotea, Bachal anajipangusa uso kwa kitambaa chenye grisi. Wiki ijayo, kwa desturi, atakwenda Sukkur kumleta binti yake aje atembelee nyumbani. Atakwenda na gari lake kuukuu, ambalo kiyoyozi chake hajawahi kupata nafasi ya kukitengeneza.

"Sikitengenezi," anasema. "Tutaondoka alfajiri, kabla ya jua. Vioo vyote wazi, nimsikie."