Wageni Walioujaza Waya

Nilikulia Newala wakati simu ya mbali ilikuwa posta tu, na ukitaka kuongea na ndugu aliye Mwanza unavaa nguo ya kutokea. Kisha biashara ya simu ikafunguliwa kwa watu binafsi, makampuni yakaja na minara yao, na miaka mingi baadaye wakachimba mtaro kando ya barabara ya Masasi wakapandisha nyaya za kioo, zinazobeba intaneti kwa mwanga, mpaka kwetu juu. Mimi nikapata kazi katika kampuni mojawapo, ofisi ya Masasi. Kazi yangu ilikuwa kugawa zamu.

Watu hudhani kila nyumba ina waya wake peke yake. Wapi! Uzi mmoja hutoka chumba cha mitambo Newala mjini, ukifika mtaani unagawanywa kwenye kijisanduku kilichofungwa nguzoni, na nyumba zote za pale zinatumia uzi huohuo. Vinavyoshuka havina ugomvi, kila nyumba inachukua chake. Shida ni vinavyopanda. Nyumba mbili zikituma kwa pamoja mianga inagongana, kwa hiyo mtambo huita kwa zamu: tuma wewe, nyamaza, haya na wewe. Mimi ndiye niliyeuambia mtambo nani apewe nafasi kubwa na nani asubiri. Nililaumiwa sana kwa kazi hiyo, na mimi si mtu wa kulaumiwa nikanyamaza.

Mwaka huo mama akaugua mguu. Kisukari. Daktari akasema ukatwe chini ya goti, upesi, kabla uozo haujapanda. Mama akasema sawa, ila kaka yake auone kwanza. Kwetu ukoo unafuata upande wa mama, na kaka wa mama ndiye mwenye neno la mwisho. Mjomba alikuwa Mwanza kwa mwanawe, mzee asiyeweza tena safari ndefu. Tukampigia.

"Siwezi kuruhusu ukatwe mguu nisiouona," akasema.

Nikamtumia picha. Akajibu kwamba picha inaweza kuwa ya mguu wa mtu yeyote. Nilitaka kuibamiza simu ukutani. Mama naye akatoka hospitali akarudi nyumbani kumngoja kaka yake, na daktari akatupa mpaka jioni ya kesho yake. Baada ya hapo, alisema, hataahidi kitu.

Asubuhi nikamweleza bosi wangu nilichotaka kufanya, naye, Mungu ambariki, akakubali. Nikaiwekea nyumba ya mama nafasi ya kupandisha kubwa kuliko za jirani wote, kwa siku hiyo tu. Nikapanda gari kwenda Newala moyo umetulia kabisa.

Nikakuta nyumba imejaa. Jirani zetu hawamwachi mgonjwa peke yake: mikeka mpaka barazani, Waislamu kwa Wakristo, chai ya rangi na mihogo ya kuchemsha. Nikatoa shikamoo mpaka mdomo ukakauka, ndipo nikampigia mjomba kwa video.

"Naona blanketi tu," akasema mjomba. Picha ikaganda. Nikapiga tena. "Sasa naona madoadoa."

Nikafungua kompyuta na hasira zangu, nimtafute jirani anayeijaza laini. Nyumba zote za mtaa zilikuwa kimya. Iliyofurika ni ya kwetu! Nikainua macho. Mtaa mzima ulikuwa umehamia sebuleni na simu zake, na kila simu ilijua neno la siri la wifi yetu, maana mama alilitoa kwa kila aliyeomba, kama anavyotoa chumvi. Walikuwa wakimrekodi mgonjwa na kuwatumia ndugu wa Dar, wa Mtwara, wa Lupaso: mama yetu huyu hapa, mwombeeni.

Ningeweza kulibadili lile neno la siri palepale. Lakini kumnyima mgeni kitu ndani ya nyumba ya mama kungemuuma kuliko mguu, na kuwaambia watu wazime simu kwetu ni sawa na kuwafukuza. Nikainama nikamnong'oneza mama kwamba wageni ndio walioijaza laini. Mama akacheka, kicheko nilichokuwa nimekisahau.

"Jamani," akasema, "mmeshanitazama vya kutosha. Hebu zimeni kidogo hizo simu, na mie nimtazame kaka yangu."

Zikazimwa zote, na picha ikasafika. Nikafungua bandeji, nikashusha simu mpaka kwenye kidonda. Mjomba akasogea mpaka uso wake ukajaa kioo cha simu.

"Umeteseka sana, dada yangu," akasema mwishowe.

"Umeuona kweli, kaka?"

"Nimeuona. Waache wakate. Nenda, urudi."

Mama alikwenda, na alirudi. Mguu tuliupoteza, yeye tunaye mpaka leo, na haipiti siku bila mimi kushukuru: kwa daktari, kwa bosi, hata kwa mjomba na ubishi wake. Lakini wale jirani ndio ninaowakumbuka zaidi. Tulipokuwa tunamwinua kumpeleka garini, mama aliwageukia.

"Haya, washeni sasa. Waambieni watu kaka yangu amekubali."

Wakawasha wote kwa pamoja. Kompyuta yangu ilikuwa bado wazi, nikaiona laini ikijaa pomoni mpaka ikakwama kabisa. Sikugusa kitu. Nilisimama pale nikalia mbele za watu, nikawaacha watume.