Mwaka Niliokataa Kuondoa Matanga

Watu wetu hapa Durban hustarehe mapema. Mgeni kutoka Bujumbura au Lubumbashi akisikia kwamba muziki wa mtaa wetu wa Point unaanza saa kumi na moja jioni, jua bado liko madirishani, hucheka na kuuliza kama ile ni baa au darasa la katekisimu. Akikaa mwezi mmoja anaacha kucheka. Taxi zinaisha mapema, njiani iko watu wasiopenda kusikia lugha yetu, na kesho kuna kazi ya alfajiri. Kwa hiyo sisi tunacheza kwa haraka. Ikifika saa tatu mtu ameshakula, ameshacheza, ameshagombana na kupatanishwa, na sasa anatafuta viatu vyake chini ya meza.

Baa yenyewe iko ghorofani, kwenye jengo la zamani karibu na bandari, la tangu enzi za mabaharia wa Kizungu. Sakafu ni ya mbao na dari liko juu sana. Bawaba za madirisha zimeliwa na chumvi mpaka hayafungiki, kwa hiyo meli ikipiga honi katikati ya wimbo, inaimba na sisi. Upande wa pili wa barabara wamejenga magorofa ya vioo ya matajiri. Upande wetu iko kinyozi, fundi simu, na vyumba vilivyogawanywa kwa mapazia. Mwenye baa ni mama mmoja wa Lubumbashi, mnene, mcheshi, mkali kwa wanaovuta sigara ndani. Sote tunamwita Patroni.

Hapo ndipo nilipoimba miaka yangu yote ya Durban, na mume wangu akipiga gitaa la solo, kushoto kwangu. Mimi ni mtoto wa Buyenzi, pale Bujumbura, Kiswahili sikufundishwa na mtu, nimenyonya nacho. Mchana nilikuwa nasuka nywele karibu na soko, na bado nasuka. Yeye alikuwa anapakia maboksi kwenye ghala moja kule Mobeni. Alikuwa mkimya, mbishi, mpenda samaki wa kukaanga, na katika ndoa yetu yote hakuwahi kufunga mlango wa kabati. Nilimsema kwa ajili ya kabati lile mpaka majirani wakalijua.

Alikufa asubuhi ya siku ya kazi, ameinama anafunga kamba za viatu. Moyo, walituambia. Mimi nilikuwa jikoni namkaripia kwamba atachelewa gari. Kumrudisha Burundi hatukuweza. Tulimzika huku huku, kwenye mteremko ambapo unasikia malori ya barabara kuu, kwaya ya kanisa ikaimba, na wapigaji wa bendi wakasimama nyuma na mikono mitupu wasijue waiweke wapi.

Sasa, kwetu Burundi matanga hayaishi siku ya kuzika. Kuna yale madogo, siku chache baada ya maziko. Halafu miezi inapita, mara nyingi mwaka, ndipo familia inakusanyika tena, watu wanakunywa pamoja, na mkubwa wa ukoo anasimama kutangaza kwamba msiba umekwisha, kila mtu arudi kwenye maisha yake. Kabla ya hapo mjane haimbi wala hachezi, na ukoo mzima haufanyi arusi. Wengi hapa wameyaacha hayo. Wanasema sisi ni wakimbizi, mila tuliziacha mpakani pamoja na masufuria. Ukoo wa mume wangu haukuacha hata kijiko.

Mkubwa wa ukoo hapa Durban ni shemeji yangu, kaka yake marehemu, mtu wa kanisa, muuza vitenge. Na binti yake alikuwa ameposwa. Mchumba ameshakubaliwa, wazee wameshakaa, kilichobaki ni mimi. Mwaka ulipotimia shemeji akaja kwangu, akakaa kwenye ukingo wa kiti kama anayengoja basi.

"Shemeji, mwaka umefika."

"Umefika kwako," nikamwambia.

Alikuwa na haki ya kuweka siku bila kuniuliza, ila si mtu wa namna hiyo. Alikunywa chai yake yote, akashukuru, akaenda. Baada ya miezi michache akarudi, nikamwambia bado. Akarudi tena. Bado. Watu wakaanza kunisema, na uswahilini maneno hayana miguu lakini yanafika. Wengine walisema ni mapenzi hayo, mwanamke wa kweli. Wengine walisema namwonea mtoto wa watu, namfanya azeeke kwa baba yake ili mimi nionekane mwaminifu. Wote waongo. Nilichokuwa nashikilia ni kule kunyamaza kwangu, kwa sababu ndiyo kazi ya mwisho niliyokuwa bado nafanya kwa ajili yake. Siku nitakayoimba bila yeye, nitakuwa nimesema kwa mdomo wangu mwenyewe kwamba inawezekana. Nilikuwa sitaki iwezekane.

Na bado kila Jumapili jioni nilikwenda baa. Patroni alinipa kiti mlangoni pa jikoni, nikawa namkatia vitunguu huku nasikiliza. Walikuwa wamepata mpiga solo mpya, Mkongomani mmoja mrefu, dereva wa malori ya makontena pale bandarini. Alikuja moja kwa moja kutoka kazini akinukia dizeli, ananawa mikono mpaka kwenye kiwiko, ndipo anagusa gitaa. Nilimtafutia kosa. Nikamwambia Patroni kijana anakimbia, hapumui.

"Dada," Patroni akanijibu, anageuza ndizi kwenye makaa, "ule hakimbii. Ni wewe unataka asimame."

Nikaendelea na vitunguu. Vina faida yake, mtu akikuona na machozi hakuulizi.

Aliyenishinda alikuwa yule binti. Alikuja pale ninaposukia, siku yenye upepo, akasema anataka nywele ndogo ndogo. Akakaa chini katikati ya magoti yangu kama alivyokuwa akikaa tangu mdogo. Nilijua ametumwa, nikajiandaa kumjibu. Nikasuka upande mmoja wote, hakusema neno la arusi. Aliniambia habari za kazi yake, habari za bei ya chumba, habari za robot, taa za barabarani, pale kona, iliyoharibika mpaka magari yanagongana kila siku. Nikaanza upande wa pili. Ndipo aliposema, bila kugeuka:

"Mama mdogo, mimi pia nilimpenda."

Mikono ikanisimama.

"Yeye ndiye aliyenifundisha baiskeli, kule kwenye njia ya ufukweni. Baba alikuwa haniachi, yeye ananiiba. Sisemi ufanye haraka. Kama ni kungoja nitangoja. Nasema tu kwamba msiba ule ni wetu sote, na wewe umeushika wote peke yako. Hata kulia mbele yako naogopa, naona kama nakuibia."

Nilikasirika kwanza, niseme ukweli. Nilitaka kumwambia hujui kitu, wewe hukulala naye, hukufua mashati yake, hukumkuta kwenye sakafu. Lakini kichwa chake kilikuwa mikononi mwangu na kilikuwa kinatetemeka. Nikashika tena nywele zake, nikasuka mpaka mwisho, na nilipomaliza nikamwambia amwambie baba yake atafute pombe.

Pombe ya mtama tuliipata kwa mama mmoja wa Kizulu anayepika kwa ajili ya sherehe. Aliuliza ni arusi au ni nini. Nilipomweleza, akaniangalia juu mpaka chini, akaniuliza kwa nini basi sijavaa nyeusi, maana kwao mjane anavaa nguo nyeusi na siku hiyo ndiyo anaivua. Nikamwambia sisi tunaivaa kwenye koo. Akatikisa kichwa, eish, akanijazia ndoo mpaka juu.

Tuliweka Jumapili, pale baa, mahali pengine sikukubali. Kama ni kumwachia, tumwachie pale alipokuwa anapigia. Shemeji alisitasita, mzee wa kanisa ndani ya baa, lakini lisilo budi hutendwa. Patroni alifunga kwa wateja wengine, akafagia mwenyewe. Nilipofika, akanishika bega.

"Kilio huanza mfiwa, na wa mbali wakaingia. Na leo tutamaliza vile vile. Uanze wewe, siye tutafuata."

Wakati wapigaji wanafunga nyaya, yule dereva akanijia, amevaa shati lililopigwa pasi, ameshanawa mikono.

"Mama, nitaingia saa ngapi?"

Swali la kazi, na jibu lake lilikuwa la kazi. Wimbo wetu una sehemu mbili. Kwanza mwimbaji anaimba polepole watu wamekaa. Halafu anaacha, gitaa la solo linachukua, na hapo ndipo viti vinabaki vitupu. Tunaita seben. Bendi nyingi wanahesabu, lakini sisi hatukuwahi kuhesabu. Mume wangu alikuwa anafumba macho, hanitazami, ananingoja nimwite. Ninageuka kushoto, nasema, "Njoo, mzee," na anakuja pale pale. Nyumbani niliweza kumwita mpaka chakula kikapoa. Jukwaani aliitika mara ya kwanza, miaka yote.

"Nitakuita," nikamwambia dereva.

Akaitikia, akaenda kusimama kulia kwangu. Ule upande wa kushoto hakuukanyaga, wala mtu hakumwambia. Mpaka leo namheshimu kwa hilo.

Shemeji alisimama karibu na ile ndoo. Kwetu pombe hii inanywewa kwa mirija kutoka chungu kimoja. Chungu hatukuwa nacho, kwa hiyo ilikuwa ndoo ya plastiki na mirija ya soda, na watu wazima wakainamia wakinywa kwa zamu bila mtu kucheka. Akasema mdogo wake alikuwa mtu mzuri. Akasema alimbeba mgongoni walipokimbia vita, na kwamba hakufikiri angemzika. Kisha akasema yale yanayosemwa: kwamba ukoo umelia, umetosheka, aliyekuwa halimi na alime, aliyekuwa haozi na aoze, aliyekuwa haimbi na aimbe. Akanitazama. Watu wote wakanitazama.

Nikapanda. Nilichagua wimbo alioutunga yeye, wa mtu anayemwambia mwenzake asiogope giza la njiani. Sauti ilitoka na kutu, ubeti wa kwanza niliukwaruza tu. Wa pili ikaanza kufunguka. Nilisahau. Sijui nieleze vipi, mwili una akili yake: besi ilikuwa pale pale, ngoma pale pale, harufu ya ndizi, meli huko nje, Patroni amesimama mlangoni pa jikoni na kitambaa begani. Kila kitu kilikuwa mahali pake. Nikamaliza ubeti wa mwisho, nikageuka kushoto, nikasema, "Njoo, mzee."

Gitaa halikulia.

Dereva alikuwa na vidole kwenye nyuzi na hakuvigusa, kwa sababu alijua si yeye aliyeitwa. Ngoma na besi zikaendelea kuzunguka pale pale, zikatungoja. Nilimwona shemeji anatazama mahali ninapotazama mimi, zile mbao tupu za kushoto na soketi ya umeme ukutani. Binti yake amejiziba mdomo kwa mikono miwili. Na mimi nilikuwa namngoja. Sikuwa nimechanganyikiwa, nilijua tulimzika, nilirusha udongo kwa mkono huu. Lakini hapo alikuwa hajawahi kukosa kuja, kwa hiyo nilimngoja.

Hakuja. Nililia wakati wa kuzika, nililia mwaka na miezi, lakini mume wangu alinifia jioni ile, saa kumi na mbili na kitu, mbele ya watu, taa zikiwa zinawaka.

Ngoma ikazunguka tena. Wasingeacha, wale, wangepiga mpaka asubuhi kama ningetaka. Nikajifuta uso kwa kiganja, nikageuka kulia, nikamwambia dereva, "Ingia, kaka."

Akaingia. Hakumwiga marehemu, alipiga vyake, safi, anapumua mahali pa kupumua. Viti vikaburutwa. Binti alimvuta baba yake mkono, na yule mzee wa kanisa akacheza na machozi hadi kwenye ndevu, na Patroni nyuma yao, na wote. Mimi nilisimama na maikrofoni mkononi, namsikiliza yule kijana, na kwa moyo wangu wote nilikuwa namwomba akosee, mara moja tu, uzi mmoja tu. Hakukosea.