Kijiji kinangoja stima, na stima inangoja nimzike bwana yangu

Admin, ficha jina langu kabisa, na kijiji pia usitaje. Sema tu ni upande wa Nkubu, inatosha. Mimi ni mama wa miaka thelathini na mbili, niko na watoto wawili, nauza ndizi na avokado sokoni. Mkiniuliza kama niko na bwana, hapo ndipo shida yangu ilipo. Nisomeni hadi mwisho kabla hamjanitukana.

Huku kwetu stima ni kitu cha kuahidiwa kila wakati wa kura. Ndipo wakaja wataalamu wa mradi kutoka ng'ambo, wakasema maji ya mto wetu yanaweza kutoa umeme, na sisi wanakijiji ndio tutakuwa wenye mradi. Tuwe na posho mill yetu ya kusaga mahindi, mashine ya kupoesha maziwa, na vijana wachomelee mageti hapa hapa bila kwenda mjini. Mkubwa wao ni mzungu mpole, wazee walimpa jina Murithi, yaani mchungaji. Mtaro tukauchimba kwa jembe, wanaume kwa wanawake. Baba Kendi, bwana yangu (jina la mtoto nimelibadilisha), akapewa kazi ya kutunza pale maji yanapoingia mtaroni, atoe matawi na takataka, na mto ukijaa afunge lango.

Siku mvua ilizidi alikunywa chai akiwa amesimama. Nikamwambia, "Si ungoje ipungue kidogo?" Akasema, "Nikingoja, mtaro utabebwa wote, na watu wamevunjika migongo hapo." Akaenda. Lango lilipatikana limefungwa sawasawa. Yeye hakupatikana. Walitafuta mto wote hadi darajani, wakaniletea gambuti moja, kiatu chake cha mvua.

Mtaro ukapona, mashine ya umeme ikawekwa, nguzo za stima zikasimama hadi karibu na boma langu. Murithi akaita mkutano. Akatoa kofia, akasema, na mkalimani akatuambia: "Hatutawasha hata balbu moja kabla familia hii haijamzika mtu wao. Hakuna atakayewaharakisha." Watu walipiga makofi, jameni. Maskini alifikiri ananiheshimu. Hakujua amenifunga kamba shingoni mbele ya kijiji kizima. Kwa sababu huku, mwili ukikosekana, wazee hukata mgomba, wanauvisha nguo za marehemu, wanauweka kwa sanduku na kuuzika kama mtu. Ukishazikwa, basi, mambo yameisha. Hata mwenyewe akitokea baadaye na miguu yake, wazee wanasema huyo ni mtu aliyezikwa, hawezi kuingia hivi hivi kwake.

Mimi nilikataa. Mwanzoni watu walinihurumia, wakaniletea uji na kuni. Sasa nikifika sokoni wananipa mgongo. Juzi mama mmoja alijifungua kwa zahanati akimulikiwa na tochi ya simu, na mteja wangu akaniambia huku akichagua ndizi, "Mama Kendi, hii giza sasa ni yako." Alicheka, lakini hakununua. Mwenyekiti wa mradi naye akaja kwangu. "Maji yakimwagika hayazoleki. Kubali tukate mgomba tumalize." Nikamuuliza, "Wewe ulimwona akifa?" Akaenda zake.

Sasa sikieni kile sijawahi kuambia mtu wa hapa. Baba Kendi alikuwa na tabia, akifika kwa ua anakohoa mara mbili, halafu anaita mtoto. Tangu mafundi waanze kujaribu mashine, jioni nikikamua ng'ombe, nao wakifungulia maji mtaroni, nasikia kile kikohozi hapo kwa ua. Mbwa anainuka, anatikisa mkia. Nikikimbia nje hakuna mtu. Haki ya Mungu, sidanganyi. Naogopa sana. Lakini nafurahi pia, na hiyo furaha inanitesa. Nimekuwa nikijiambia yuko hai, labda aligonga kichwa akapotea akili, na sasa anatafuta njia ya nyumbani.

Jumapili tukitoka kanisani mama mkwe alikuja tukae. Nikashindwa kuvumilia, nikamwambia, "Mama, mimi namsikia." Nilidhani atasema nipelekwe nikaombewe. Aliweka kikombe chini.

"Hata mimi," akasema. "Anakohoa nyuma ya jikoni yangu."

Nikamshika mikono, nikalia kama mtoto. "Basi yuko hai! Mama, si uwaambie wazee!"

Akaniangalia kwa huruma, sitasahau. "Mwanangu, mtu aliye hai angeingia akale. Huyo amekosa pa kulala. Nilimzaa mimi, na anaumwa na baridi huko nje. Ndiyo maana nataka tumzike. Hiyo stima yao hata siijui."

Tangu hapo sina amani. Kama angetaka mambo ya mradi ningemkatalia bila shida, ulimi ninao. Lakini huyu ni mama, na anasikia kitu kile kile ninachosikia. Wazee wanakuja Jumamosi kuchukua koti la Baba Kendi la kanisani wavishe mgomba. Liko hapa mlangoni limetundikwa, na bado lina harufu yake.

Nikilitoa na kumbe yuko hai, nimemfungia bwana yangu nyumba yake mwenyewe. Nikikataa na kumbe alikufa, basi ni mimi nimemweka kwa hiyo baridi, na mama yake anamsikia kila jioni. Msiniambie niombe, nimeomba hadi magoti yakachubuka. Nyinyi mliopotelewa na mtu bila kuona mwili, mlijuaje? Nawaomba mnijibu kabla ya Jumamosi: hili koti nilitoe, ama nikatae nalo?